Je, Wajua? Kanisa la Fito na Udongo Lililojengwa Bila Msumari Limesimama Idaho Tangu 1853

Ukitoka mji wa Coeur d'Alene, kaskazini mwa jimbo la Idaho nchini Marekani, ukashika barabara kuu ya I-90 kuelekea mashariki, baada ya kilomita kama 40 utaona kanisa juu ya kilima upande wa kulia. Mbele lina nguzo kubwa za mviringo, mfano wa mahekalu ya kale ya Ugiriki, na juu yake uso mpana uliochongwa kwa madaha ya Kitaliano. Ukiwa barabarani utaapa kwamba ni jengo la mawe lililohamishwa kutoka mji fulani wa Ulaya.

Ukifika karibu unagundua ni mbao. Ukiingia ndani, mahali ambapo sehemu ya ukuta imeachwa wazi makusudi, unagundua kwamba hata mbao ni koti tu. Ukuta wenyewe ni fito, majani na tope.

Hili ni Kanisa la Misheni ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambalo watu wengi hulijua kama Misheni ya Cataldo. Ujenzi ulianza 1850, na kufikia 1853 ibada zilikuwa zinafanyika ndani yake. Ndilo jengo kongwe kuliko yote yaliyosimama Idaho, na ni kongwe kuliko Idaho yenyewe, maana jimbo hilo liliingia katika Muungano wa Marekani mwaka 1890. Na kiunzi chake cha mwanzo hakikutiwa msumari.

Basi maswali ni mawili. Kwa nini walijenga bila msumari? Na kwa nini jengo la udongo, katika nchi ya theluji na mvua, halijaporomoka hadi leo?

Swali la kwanza lina jibu jepesi: misumari haikuwepo. Ili uelewe ni kwa kiasi gani haikuwepo, fuatilia safari ya kilo moja ya chuma mwaka 1850. Kinatoka pwani ya mashariki ya Marekani au Ulaya kwa meli, kinazunguka ncha ya kusini ya bara la Amerika, kinapanda hadi mdomo wa mto Columbia. Hapo kinapokewa na wafanyabiashara wa kampuni ya Hudson's Bay, waliokuwa na vituo vya kununulia ngozi za wanyama. Kinapakiwa kwenye mashua, kisha mgongoni mwa farasi, na kuvushwa misituni na milimani kwa mamia ya kilomita. Reli ya kwanza ya kulivuka bara lile ilikamilika 1869. Mtu anayeagiza vitu kwa njia hiyo ataagiza shoka, maana shoka moja linaweza kuchonga jengo zima. Hataagiza kasha la misumari.

Kwa hiyo vifaa vyao vilikuwa vichache mno: shoka pana la kuchongea magogo, keekee ya kutobolea matundu, kamba na makapi ya kuinulia mizigo, msumeno waliouunda wenyewe, na kisu kidogo cha mfukoni. Kisu hicho kikumbuke, nitakirudia.

Sasa jengo lenye urefu wa kama mita 27, upana wa mita 12 na kimo cha mita 9 linasimamaje bila msumari? Kwa viungo vya ulimi na tundu. Ncha ya boriti moja huchongwa iwe ulimi, ubavu wa nguzo hutobolewa tundu la kuupokea ulimi huo, kisha keekee hutoboa vyote viwili kwa pamoja na kigingi cha mti mkavu hugongomelewa humo. Fundi seremala yeyote anayetengeneza kitanda imara anakijua kiungo hiki. Uzuri wake ni kwamba vyote ni mti. Unyevu ukizidi, boriti hutanuka na kigingi hutanuka. Kiangazi kikija, vyote husinyaa. Upepo ukivuma, kiunzi hucheza kidogo na kurudi mahali pake. Msumari wa chuma ndani ya mti hauna tabia hiyo. Hupata kutu, kutu hula mti unaouzunguka, na siku moja unajikuta una msumari uliolegea katika tundu lililooza. Ukosefu wa misumari, ambao wageni wengi huusikia kama kisa cha shida, kwa kiunzi kile ulikuwa kheri.

Kuta ndizo zitakazomfanya msomaji wa Afrika Mashariki atabasamu. Nguzo zilitobolewa matundu, fito zikapitishwa kutoka nguzo hadi nguzo, majani ya mwituni yakasokotwa kwenye fito, kisha tope likakandikwa pande zote mpaka ukuta ukafika unene wa kama sentimita 30. Yaani ni nyumba ya kukandika, ile ile uliyoiona kwa babu kijijini, ila hii ina nguzo za Kigiriki na altare. Mzungu aliyetoka Italia na wenyeji wa milima ya Rocky walifika kwenye jibu lile lile walilofika mafundi wa huku kwetu, kwa sababu tatizo lilikuwa moja: una miti, una udongo, una mikono mingi, na duka liko mbali.

Udongo nao una akili yake. Tope tupu likikauka husinyaa na kupasuka. Majani yakichanganywa humo hushika pande mbili za ufa zisiachane, na fito hubeba uzito ili ukuta usijibebe peke yake. Zaidi ya hayo, ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Mahali ambapo theluji hulala miezi kadhaa, hilo si jambo dogo.

Adui wa udongo ni mmoja tu, maji. Huja kwa njia tatu: yanapanda kutoka ardhini, yanashuka kutoka juu, na yanapiga ubavuni. Hapa ndipo lilipo jibu la swali la pili, na kwa maoni yangu ndipo wajenzi hawa walipoonyesha ufundi kuliko hata kwenye zile nguzo. Waliusimamisha ukuta juu ya msingi wa mawe waliyoyachimba kilimani na kuyakokota, hivyo unyevu wa ardhi haukuufikia. Juu wakaweka paa lililozikinga kuta kwa kivuli chake. Na katika miaka ya 1860, njia za usafiri zilipokuwa zimeanza kufunguka, kuta zikavikwa mbao kwa nje. Ukisikia watu wakisema kanisa zima halina msumari hata leo, usiyakubali yote: sifa hiyo ni ya kiunzi na kuta za mwanzo, si ya koti la mbao wala ya matengenezo yaliyofuata.

Tena kilima chenyewe kilichaguliwa kwa sababu ya maji. Misheni ya kwanza ya kabila la Coeur d'Alene, wenyeji wa nchi hii, ilianzishwa mwaka 1842 kando ya mto St. Joe, mahali tambarare penye rutuba. Kila majira ya kuchipua, theluji ya milimani ilipoyeyuka, mto ulifurika na kuwaingilia. Mwaka 1846 wakahama na kupanda kwenye kilima hiki kinachotazama mto Coeur d'Alene.

Lakini mapadre walifikaje huko kabla ya barabara, kabla ya mji, kabla hata ya serikali? Hapa simulizi ya kawaida ya Magharibi ya Marekani, ya mmisionari anayewaendea watu wasiomjua, haitoshi. Watu wa kabila la Coeur d'Alene, ambao wenyewe hujiita Schitsu'umsh, wana mapokeo ya chifu wao wa karne ya 18, Circling Raven, aliyetabiri kuja kwa watu waliovaa majoho meusi. Na majirani zao wa mashariki, kabila la Salish, walikuwa wamesikia habari za Ukatoliki kutoka kwa Wairoquois, wenyeji wa mashariki ya bara lile, waliofika kwao na biashara ya ngozi. Kati ya 1831 na 1839 jumbe nne zilisafiri kutoka milimani hadi St. Louis, safari ya zaidi ya kilomita 2,000, kuomba mapadre. Wengine walikufa njiani. Ujumbe wa 1837 uliuawa wote.

Pierre-Jean De Smet, Mbelgiji wa shirika la mapadre Wakatoliki liitwalo Wajesuiti, ndiye aliyeitikia, mwaka 1840. Miaka miwili baadaye alikutana na watu wa Coeur d'Alene, na mwaka huo huo Padre Nicolas Point, Mfaransa aliyekuwa pia mchoraji hodari, na Bruda Charles Huet wakaanzisha misheni ya St. Joe. Michoro ya Point ya maisha ya watu wale, uwindaji, ibada na sura za watu, imekuwa hazina kwa wanahistoria.

Kwamba waliitwa haina maana kwamba wote walielewana. Wenyeji wengi walitafuta nguvu ya kiroho ya kuongezea juu ya ile waliyokuwa nayo. Wajesuiti walitaka waiache ya zamani. Wenyeji walikuwa wakihama na majira, kufuata samaki, mizizi na mawindo. Wajesuiti walitaka watulie na kulima. Mvutano huo haukuisha siku kanisa lilipokamilika.

Mchoraji wa ramani ya kanisa alikuwa Padre Antonio Ravalli, aliyezaliwa Ferrara, Italia, mwaka 1812. Alikuwa mmoja wa watu ambao ukisoma habari zao unachoka wewe: tabibu, mfamasia, mchongaji, fundi wa mitambo. Kabla ya kuja hapa alikuwa katika misheni ya St. Mary's, Montana, alikojenga kinu cha kusagia ngano kwa mawe yaliyoletwa kutoka Antwerp. Alipowekwa kwenye misheni hii ya Moyo Mtakatifu, alikuwa na kichwa kilichojaa makanisa ya Italia na ghala lisilo na kitu.

Ingia ndani uone alivyolitatua hilo. Altare inaonekana ya marumaru, kumbe ni mbao zilizopakwa rangi kwa ustadi ili zifanane na marumaru. Taa za kuning'inia zimetengenezwa kwa makopo ya bati. Kuta, kabla ya kuvikwa mbao, zilifunikwa kwa vitambaa vilivyonunuliwa kwenye kituo cha Hudson's Bay, na magazeti yaliyopakwa rangi na maua yakatumika kama karatasi ya ukutani. Sanamu zilizo kandokando ya altare Ravalli alizichonga mwenyewe kutoka kwenye magogo, na hapa ndipo kile kisu kinapoingia. Mabenchi hayakuwepo, watu waliketi sakafuni, kama walivyozoea.

Dari la mbao lina rangi ya buluu iliyofifia, na simulizi ya pale inasema haikupakwa rangi ya dukani bali ilisuguliwa maji ya matunda madogo ya porini yenye rangi ya zambarau, ambayo watu wa milima ile huyachuma hadi leo kila kiangazi. Yeyote aliyewahi kudondokewa na zambarau kwenye shati jeupe ataamini. Nami naipenda simulizi hiyo, ingawa rangi za matunda kwa kawaida huchujuka upesi.

Ravalli alichora, lakini jengo ni kazi ya watu wa kabila. Wao ndio waliokata misonobari, wakaichonga, wakaivuta kilimani, wakachimba mawe, wakasokota majani, wakakanda tope. Mafundi wa kulipwa hawakuwepo. Ukisimama mbele ya ile sehemu ya ukuta iliyo wazi, ndiyo kazi yao unayoitazama, na ndiyo maana mimi ningekaa hapo muda mrefu kuliko mbele ya altare.

Miaka mitano baada ya kanisa kuanza kutumika, vita vilifika. Mei 1858 kikosi cha jeshi la Marekani chini ya kamanda Steptoe kiliingia katika nchi ya makabila haya na kushindwa na muungano wa wapiganaji, wa Coeur d'Alene wakiwemo. Jeshi likarudi Septemba chini ya Kanali George Wright, na safari hii lilikuja kulipiza. Wright alichoma ghala za chakula na kuamuru mamia ya farasi wapigwe risasi, ili watu wasiweze kupigana wala kuhama. Tarehe 17 Septemba 1858 viongozi wa Coeur d'Alene walitia saini makubaliano ya amani mbele yake, hapa hapa misheni.

Baada ya askari ikaja barabara. Kapteni John Mullan, kati ya 1859 na 1862, alisimamia ujenzi wa barabara ya kijeshi ya kama kilomita 1,000 kutoka Fort Walla Walla hadi Fort Benton, na ilipita chini ya kilima hiki. Misheni ikawa kituo cha kila mpita njia: askari, wachuuzi, watafuta dhahabu.

Kisha likaja lililo chungu zaidi. Mwaka 1873 serikali ilitenga eneo la kabila kwa amri ya rais, na mpaka uliochorwa ukaiacha ardhi ya misheni nje. Kufikia 1877 watu walihamia DeSmet, kama kilomita 60 kusini-magharibi, kwenye ardhi nzuri ya kilimo, wakaliacha kanisa walilolikandika kwa mikono yao. Kanisa likabaki bila watu wake. Padre Joseph Cataldo, Mjesuiti kutoka Sicilia aliyehudumu katika nchi hiyo tangu 1865, ndiye ambaye jina lake limebaki kwa kijiji kilicho jirani.

Kuna watu husema jengo limedumu kwa sababu lilijengwa vizuri. Ni nusu ya ukweli. Nyumba ya udongo iliyojengwa vizuri na kuachwa huanguka. Paa likivuja misimu michache, ukuta unarudi kuwa tope. Hili lilifanyiwa matengenezo makubwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na tena katika miaka ya 1970. Mwaka 1961 lilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, na mwaka 1975 eneo lote likawa hifadhi ya jimbo la Idaho.

Kabila nalo halikuliacha. Kila tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, watu wa Coeur d'Alene husafiri hadi kilimani, misa husomwa, ngoma hupigwa na watu hula pamoja. Leo jengo ni mali ya kabila, na hifadhi inaendeshwa na jimbo kwa ushirikiano nalo. Jengo ambalo amri ya 1873 ililiweka nje ya mpaka wao limerudi mikononi mwa wajukuu wa waliolijenga.

Makumbusho yako kwenye jengo la kisasa chini ya kanisa. Maonyesho makuu, yanayosimulia kukutana kwa Padre De Smet na makabila ya milima ya Rocky, yalizungushwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani miaka ya 1990 kabla ya kupata makao ya kudumu hapa mwaka 2011. Kinachoyatofautisha na makumbusho mengi ya misheni ni kwamba hayaanzi na padre. Yanaanza na dunia mbili zilizokuwepo kila moja kivyake, ya wenyeji na ya Wajesuiti, kila moja na vitu vyake vitakatifu, kisha yanaonyesha zilipokutana: pale zilipopatana, pale zilipogongana, na nani aliyelipa gharama. Utaona mavazi na shanga za makabila, vyombo vya misa, na michoro. Ushauri wangu ni kuanza huko kabla ya kupanda kanisani. Mgeni anayeanza na kanisa humwona Ravalli tu. Anayeanza na makumbusho akifika kwenye ule ukuta wa tope anajua anatazama kazi ya nani.

Ukimaliza, usiondoke bila kutembea kilimani. Nyumba ya mapadre iko pembeni ya kanisa, na kuna makaburi na njia fupi za miguu zenye mandhari ya bonde zima. Bonde hilo linapendeza, na lina sumu. Dhahabu iliwavuta wachimbaji upande wa juu wa mto mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1885 ikagunduliwa hazina kubwa ya madini ya fedha na ya risasi, ile metali nzito yenye sumu. Boti za moshi zilishusha watu na mizigo chini ya misheni. Kwa miongo mingi, mpaka 1968, migodi ilimwaga mabaki yake mtoni moja kwa moja, na maji yakayateremsha na kuyalaza kingoni na kwenye mabwawa. Mwaka 1983 eneo la mgodi na tanuri la kuyeyushia madini la Bunker Hill likaingizwa kwenye orodha ya serikali ya maeneo yenye sumu yanayotakiwa kusafishwa, na kazi hiyo bado inaendelea. Mabata maji wakubwa weupe wanaotua bondeni wakati wa kuhama hula mizizi iliyojaa tope lenye risasi, na wengine hufa. Kwa hiyo ukienda na watoto, waache wakimbie kilimani watakavyo, lakini mkishuka mtoni msiwaruhusu kuchezea tope, waosheni mikono kabla ya kula, na futeni viatu kabla ya kuingia garini. Ndivyo mabango ya bondeni yanavyoagiza.